Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza: Mfano wa "Sugar"

Wapenzi wa Kiswahili wana ubishi usiokwisha: kati ya "sugar" ya Kiingereza na sukari yetu, nani kamwiga mwenzake? Wengi hujibu papo hapo kwamba Mwingereza alikuja nalo, sisi tukalitohoa. Wapo wenye wivu na lugha wanaogeuza kibao na kudai Mzungu ndiye aliyelichukua Pwani. Majibu yote mawili ni ya kukisia. Ukifuata ushahidi utakuta maneno haya ni binamu. Babu yao ni Kiarabu, na kila mmoja aliondoka kwake kwa mlango wake na kwa wakati wake.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufikia jibu la aina hiyo, kwa neno hili na kwa neno lolote la Kiingereza litakalokukereketa. Huhitaji shahada ya isimu. Unahitaji intaneti, daftari na ukaidi kidogo.

Kanuni moja itatuongoza mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kusema neno limetoka lugha A kwenda lugha B, lete ushahidi wa aina tatu. Kwanza sauti: mabadiliko ya matamshi yawe ya kawaida katika lugha hizo, yaonekane katika maneno mengine pia. Pili maana: pawe na njia inayoeleweka kutoka maana ya zamani hadi mpya. Tatu mkutano: wasemaji wa lugha hizo wawe walikutana mahali fulani, wakati fulani, kwa jambo linalohusu neno lenyewe. Likikosekana moja, weka alama ya kuuliza uendelee kutafuta.

Kufanana peke yake si ushahidi. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ileile ya "bad" ya Kiingereza, na hayana undugu wowote. "Much" ya Kiingereza na "mucho" ya Kihispania zinafanana sura na maana, lakini moja ni ya asili ya lugha za jamii ya Kijerumani na nyingine imetoka "multum" ya Kilatini. Na sisi tuna "mimi" inayofanana na "me". Lugha zina sauti chache na maneno maelfu kwa maelfu, kwa hiyo kugongana ni lazima.

Hatua ya 1: Andika unachokiona kabla ya kufungua kamusi

Chukua daftari uandike tahajia, matamshi na maana za neno. Tafuta hasa mahali ambapo tahajia na matamshi havipatani, kwa sababu hapo ndipo historia hujificha. Kwa "sugar" kuna jambo linaloruka machoni: linaandikwa kwa s lakini linatamkwa kwa sh. Maneno ya Kiingereza yanayoanza hivyo ni machache mno. Mwenzake anayejulikana ni "sure". Piga mstari chini ya jambo hilo, tutalirudia.

Andika pia maneno ya lugha nyingine unazozijua yenye maana hiyo. Msomaji wa Kiswahili hapa ana mtaji ambao Mwingereza wa kawaida hana. Anajua sukari, huenda anajua Kiarabu cha madrasa, na kama alikulia Mombasa au Zanzibar atakuwa amesikia maneno ya Kihindi madukani.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe ya kwanza

Kamusi kuu ni Oxford English Dictionary, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1884 na kukamilika 1928. Chini ya kila neno hupanga nukuu kwa tarehe, kuanzia ya zamani kabisa. Kuisoma yote mtandaoni hulipiwa, kwa hiyo jaribu kupitia maktaba ya chuo. Ukishindwa, Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan ni ya bure na inatosha kabisa kwa maneno yaliyoingia kati ya mwaka 1100 na 1500. Kwa muhtasari wa haraka kuna tovuti ya Etymonline, ambayo ni nzuri kwa kuanzia. Usiishie hapo tu.

Jifunze kusoma vifupisho vyao. Alama hii < maana yake "limetokana na". Herufi c mbele ya mwaka ni "karibu na", na a ni "kabla ya". OE ni Kiingereza cha Kale, yaani kabla ya mwaka 1100 hivi. ME ni Kiingereza cha Kati. OF ni Kifaransa cha Kale. Kinyota mbele ya neno, kwa mfano *fadēr, kinaonya kwamba umbo hilo halijawahi kuonekana limeandikwa popote. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Wanaobishana mitandaoni hukipuuza kinyota hicho, kisha wananukuu neno kana kwamba wamelisoma kwenye jiwe.

Kwa "sugar" utakuta maandishi ya Kiingereza yanaanza karibu na mwaka 1300, kwa maumbo kama "sugre" na "sucre". Kabla ya hapo Waingereza walitia asali, na neno lao "hunig", ambalo leo ni "honey", ni la tangu na tangu. Bidhaa yenyewe ilitangulia neno kuandikwa kwa Kiingereza: mwaka 1226 mfalme Henry III alimwagiza meya wa Winchester amtafutie ratili 3 za sukari ya Alexandria, kama kiasi hicho kingepatikana kwa wafanyabiashara wa gulio la huko. Ratili 3 tu, na mfalme hana hakika kama zitapatikana. Andika jina hilo la Alexandria pembeni. Mji wa Misri ndani ya barua ya Mwingereza ni dalili ya wapi pa kuelekea.

Hatua ya 3: Pima kama neno ni mzaliwa au mgeni

Kiingereza ni lugha ya jamii ya Kijerumani, lakini zaidi ya nusu ya msamiati wake umetoka nje, hasa Kifaransa na Kilatini baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila neno ni hili: limerithiwa au limekopwa?

Kipimo kizuri ni kanuni za sauti. Mwaka 1822 Jacob Grimm, yuleyule wa ngano za watoto, alieleza kwa mpangilio kwamba p ya zamani iligeuka f katika lugha za Kijerumani. Ndiyo maana Kilatini kina "pater", "piscis" na "pes", na Kiingereza kina "father", "fish" na "foot". Baadaye Kijerumani cha Ujerumani kikapata badiliko lake: t ya mwanzo ikawa z, inayotamkwa ts. "Ten" ni "zehn", "two" ni "zwei", "tongue" ni "Zunge".

Sasa leta "sugar" mezani. Kijerumani ni "Zucker". Kama neno hili lingekuwa urithi wa pamoja, z ya Kijerumani ingelingana na t ya Kiingereza, na leo Waingereza wangeweka chai yao kitu kinachoanza kwa t. Hawana. Wana s. Kanuni haikuheshimiwa, na sababu ni moja tu: neno halikuwapo nyumbani wakati kanuni inafanya kazi. Kila lugha ililipokea baadaye, kwa mlango wake. Kijerumani kililipokea kupitia Italia, ambako wanasema "zucchero". Kiingereza kililipokea kupitia Ufaransa, ambako wanasema "sucre".

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakitegemei maoni ya mtu. Maneno matatu ya kawaida kabisa yanakuonyesha kwamba la nne ni mgeni.

Hatua ya 4: Panga ndugu kwa sauti ya kwanza

Kusanya neno hilo katika lugha nyingi kadiri unavyoweza. Wiktionary ina orodha ndefu za tafsiri, na kwa kazi hii ya kukusanya inafaa sana. Kisha usipange kwa nchi, panga kwa sauti.

Kwa "sugar" makundi hujitokeza yenyewe. Lipo kundi la sh: Kiajemi "shakar", Kituruki "şeker", Kiserbia "šećer", na Kihindi "shakkar". Lipo kundi la s au z lenye u: Kiarabu "sukkar", Kiitaliano "zucchero", Kifaransa "sucre", Kihispania "azúcar", Kireno "açúcar", na Kiswahili sukari. Lipo kundi la tatu lenye sakh-: Kigiriki "sákkharon", Kilatini "saccharum", Kirusi "sakhar".

Makundi matatu maana yake njia tatu. La kwanza lilisafiri kwa Waajemi na Waturuki. Waserbia walitawaliwa na Waturuki, na neno lao linakiri hivyo. La pili lilipita kwa Waarabu. La tatu lilifika kwa Wagiriki mapema zaidi, moja kwa moja kutoka India, na Warusi wakalipata kwa Wagiriki.

Hapa kuna mtego mtamu. "Sugar" hutamkwa kwa sh na Kiajemi kina "shakar". Mtu mwenye haraka atasema Mwingereza alilipata kwa Mwajemi, au alilitoa India wakati wa ukoloni. Rudi kwenye ule mstari uliopiga katika hatua ya 1. "Sure" nayo hutamkwa kwa sh, na haina uhusiano wowote na Uajemi, imetoka Kifaransa. Kinachoyaunganisha maneno haya mawili ni ile u ya Kifaransa. Waingereza waliitamka kama "iu", "siu" ikawa "syu", na s ikifuatwa na y hulainika kuwa sh. Itamke "syu" haraka mara kadhaa utausikia mdomo wako ukifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo sh ya "sugar" ilizaliwa Uingereza kwenyewe, karne kadhaa baada ya neno kufika, na kufanana na Kiajemi ni bahati tu. Tahajia ya s ndiyo iliyobaki kuwa shahidi wa hali ya zamani.

Hatua ya 5: Vuka kila mpaka na ushahidi wake

Sasa una mnyororo wa kudhania: Kiingereza < Kifaransa < Kilatini cha Zama za Kati na Kiitaliano < Kiarabu < Kiajemi < India. Usiukubali kwa pamoja. Kagua kila kiungo peke yake.

Kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza hakuna tabu. Sauti zinakubali, bidhaa ni ileile, na baada ya 1066 wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa mezani.

Kutoka Kiarabu kwenda Ulaya ndiko kuna utamu. Tazama tena orodha: kwa nini Kihispania na Kireno vina a mbele, "azúcar" na "açúcar", wakati Kiitaliano na Kifaransa hazina? Hiyo a ni mabaki ya kibainishi cha Kiarabu "al-", kinachofanya kazi kama "the" ya Kiingereza. Katika Kiarabu, l ya "al-" humezwa na baadhi ya konsonanti zinazoifuata, zile ziitwazo herufi za jua. S ni mojawapo, kwa hiyo husemwa "as-sukkar". Msomaji wa Kiswahili hahitaji somo refu hapa, maana tunalo jambo hilohilo midomoni kila siku. Tunasema alfajiri na alasiri, l ikiwa wazi, lakini tunasema adhuhuri. Pale l imemezwa na sauti ya mbele yake, kama ilivyomezwa katika "azúcar".

Tofauti hiyo hairudi mara moja tu. Pamba kwa Kiarabu ni "al-qutn". Kihispania kinasema "algodón", na "al-" yake. Kiitaliano kinasema "cotone", bila "al-". Kwa ujumla maneno yaliyopita Hispania yalibeba kibainishi na yaliyopita Italia yaliacha. Waarabu na Waberberi wa Afrika Kaskazini waliingia Hispania mwaka 711 wakakaa karne nyingi, wakalima miwa huko kusini. Kisiwa cha Sicilia nacho kilikuwa chini ya Waislamu kuanzia karne ya 9 hadi ya 11, na baadaye wafanyabiashara wa Venice walinunua sukari Misri na Shamu. Mkutano umethibitika, sauti zimethibitika. Na kwa kuwa "sugar" haina a mbele, tunajua haikupita Hispania.

Kutoka Kiajemi kwenda Kiarabu kuna swali: "shakar" ina sh, "sukkar" ina s. Kiarabu kina herufi shin. Kwa nini hakikuitumia? Usitoe jibu la kutunga. Tafuta maneno mengine yaliyopita njia hiyohiyo uone yalifanyaje. Mji wa Nishapur huko Uajemi, Waarabu huuita Naysabur. Manukato ambayo Waajemi huyaita "mushk", Waarabu huyaita "misk", nasi tukapata miski. Sh ya Kiajemi kugeuka s katika Kiarabu si jambo la neno moja. Kiungo kimesimama.

Kiungo cha mwisho ni India. Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, kina "śarkarā". Iko wapi r ya katikati katika "shakar" na "sukkar"? Imemezwa njiani. Katika lugha za Kiprakriti, yaani lugha za watu wa kawaida zilizotokana na Kisanskriti au ndugu zake wa karibu, r iliyotangulia konsonanti ilimezwa na konsonanti ile ikasemwa kwa mkazo maradufu. "Dharma" ya Kisanskriti ni "dhamma" katika Kipali, mojawapo ya lugha hizo, na "karma" ni "kamma". Vivyo hivyo "śarkarā" ni "sakkharā". Tazama sasa lile kundi la Kigiriki, "sákkharon": kk na kh zote zipo. Wagiriki walilisikia kutoka kwa watu waliosema namna ile ya Kipali.

Na mkutano wao umeandikwa. Nearchus, aliyeongoza meli za Aleksanda Mkuu kutoka India karibu na mwaka 325 kabla ya Kristo, alisimulia juu ya mianzi inayotoa asali bila nyuki. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alituachia Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha mwongozo wa safari za baharini, kilekile kinachotajwa katika masomo ya historia kwa sababu ya Azania na mji wa Rhapta. Katika orodha ya shehena zinazotoka magharibi mwa India kwenda bandari za upande wa Wasomali, kati ya mchele, samli na mafuta ya ufuta, anataja "asali ya mianzi iitwayo sakkhari". Neno hilo, basi, lilipakiwa majahazini kuja upande wetu wa bahari zaidi ya miaka elfu moja kabla Mwingereza hajalitamka.

Hatua ya 6: Hakiki maana

Kamusi ya Kisanskriti ya Monier-Williams, ambayo ipo bure mtandaoni, itakuambia kwamba "śarkarā" ni changarawe au kokoto ndogo, na pia ni sukari. Inaelekea wapi kutoka wapi? Kutoka changarawe kwenda sukari, kwa sababu juisi ya muwa ikichemshwa na kugandishwa huacha punje ngumu zinazokwaruza kama mchanga mnene.

Jambo hili linaondoa mkanganyiko unaowapata wengi. Mmea wa muwa asili yake ni Guinea Mpya, mbali mashariki. Kwa nini basi neno halikutoka huko? Kwa sababu neno halikuwa la mmea. Ni la punje, na ufundi wa kutengeneza punje ulikuzwa India. Kiswahili kinatunza tofauti hiyo vizuri kuliko Kiingereza: mmea ni muwa, punje ni sukari, na majina hayo mawili hayajuani. Kwa hiyo ukifuatilia jina la kitu, kwanza amua jina hilo linataja sehemu gani ya kitu hicho. Ukikosea hapo utakwenda nchi isiyo yake.

Hatua ya 7: Tafuta pacha waliopotezana

Neno likisafiri kwa njia nyingi, mara nyingi huingia lugha moja zaidi ya mara moja, kila mara na sura mpya. Kiingereza kimempokea "śarkarā" mara tatu. Mara ya kwanza ni "sugar". Mara ya pili ni kwa njia ya Kigiriki na Kilatini: mwaka 1753 mwanasayansi wa mimea Linnaeus aliupa muwa jina la kisayansi Saccharum officinarum, na kutokana na Kilatini hicho ikaja "saccharin", sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mara ya tatu ni "jaggery". Wareno walilipokea neno hilo Malabar, kusini mwa India, ambako sh ya Kisanskriti ilikuwa imegeuka ch, wakalifanya "jágara", na Waingereza wakalichukua kwao.

Hiyo "jaggery" sisi tunaiita sukari guru. Guru hiyo haihusiani na guru mwalimu wa Kihindu. Ni "gur" ya Kihindi, iliyotoka "guḍa" ya Kisanskriti, yenye maana ya sukari iliyofanywa donge. Na "candy" ya Waingereza? Hiyo si ndugu wa "sugar" bali ni jirani yake: imetoka "khaṇḍa" ya Kisanskriti, kipande, ikapita "qand" ya Kiajemi na Kiarabu, ikaingia Ulaya ikishikana mkono na sukari katika msemo wa Kifaransa "sucre candi".

Hatua ya 8: Rudi nyumbani uamue ubishi

Sasa lile swali la mwanzo. Sukari yetu imetoka wapi? Wanaotajika ni watatu: Mwarabu, Mreno na Mwingereza.

Mwingereza anaondoka kwanza, maana sh na g za "sugar" hazina athari yoyote katika sukari.

Mreno anastahili kusikilizwa, kwa kuwa ametuachia meza, bendera, leso na mvinyo. Lakini neno lake lina a mbele, "açúcar", na sukari haina. Tena alichelewa. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa Aprili 1498, shajara ya safari yake inasema mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wenyeji hawakuwa wanasubiri Mreno awafundishe habari za miwa.

Kwa Mwarabu kila kitu kinakaa. "Sukkar" ina kk, nasi huipunguza kuwa k moja, kama "sukkān" ilivyokuwa usukani. Inaishia r, nasi tunaongeza i, kama "bahr" ilivyokuwa bahari, "khabar" habari na "safar" safari. Kanuni mbili, mifano ya kutosha, na biashara ya pwani na Arabuni iliyodumu karne na karne. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utakuta imeweka alama ya Kiarabu kando ya neno. Sasa unajua kwa nini, si kwamba kamusi imesema tu.

Mitego ya njiani

Jihadhari na hadithi za herufi za mwanzo. Utaambiwa "news" ni kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, au "posh" ni kifupi cha upande mzuri wa meli ya kwenda India na kurudi. Zote ni za kutungwa. "News" ni wingi wa "new", mambo mapya, na Kifaransa kina "nouvelles" kwa mtindo huohuo. Maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo yalikuwa adimu sana kabla ya karne ya 20. Mtu akikupa hadithi ya namna hiyo kwa neno la karne ya 15, mwombe nukuu ya wakati huo.

Programu za akili mnemba nazo hujibu kwa kujiamini kama karani wa zamani, hata pale zinapobuni. Ziulize, lakini kila umbo la zamani na kila mwaka utakaopewa ukautafute mwenyewe kwenye kamusi.

Na ukubali kusimama. "Dog" inaonekana katika Kiingereza cha Kale kama "docga", kwa nadra mno, na haina ndugu wanaojulikana katika lugha nyingine za Kijerumani. Wengine wameichukua kutoka Kiingereza. Urithi halisi wa mbwa ni "hound", ambayo Kijerumani inaiita "Hund". Kamusi ikiandika asili haijulikani, usiijazie pengo kwa neno la kabila lako linalofanana.

Maneno ya kujaribia

Anza na "coffee" na kahawa. Ni rahisi, na Waturuki na Waholanzi wamo njiani. Kisha "tea" na chai, ambazo zote ni za Kichina ila zilitoka milango tofauti, moja ikisafiri na meli za Waholanzi kutoka Fujian na nyingine ikipita Uajemi. Ukishapata mkono, chukua "card" na "chart" uzifuate hadi Kigiriki "khartēs", halafu tafuta "qirtās" ya Kiarabu imetoka wapi, uone karatasi inasimama upande gani wa ukoo.

Nililiweka "magazine" mwisho kwa makusudi. Maana yake ya jarida ilipata nguvu mwaka 1731 kwa Gentleman's Magazine la London, lakini kabla ya hapo lilikuwa neno la ghala, hata la baruti, na bunduki bado zina "magazine". Rudi nyuma kupitia Kifaransa na Kiitaliano hadi Kiarabu "makhāzin", maghala. Ng'oa konsonanti tatu za shina lake, kh, z na n, kisha angalia neno la Kiswahili ambalo serikali hulitumia kwa mahali inapoweka fedha zake.